Hondohondo ng'ambo ya kijito

Morogoro mjini, Jumapili, katikati ya Novemba. Huu ni mwaka wa arobaini na tatu tangu kazi ya reli inipeleke Mwanza. Mawingu yameikalia Uluguru tangu alfajiri, milima haionekani, na mimi sina raha.

Jana tulikwenda kutazama ndege: mimi, binti yangu Rehema, na mwanawe Salma, mwenye miaka tisa na darubini niliyomnunulia. Kule ziwani nimemfundisha kumtambua furukombe na mnandi. Lakini kila mara alitaka habari za hondohondo wa kwetu, milimani juu ya Mlali: jinsi jike anavyojifungia kwenye tundu la mti, mlango ukazibwa kwa udongo, ukabaki ufa mwembamba wa kupokelea matunda anayoletewa na dume. Nilimwahidi kumwonyesha, kwenye msitu wetu.

Msitu wetu. Nimelisema hilo miaka yote bila kulipima.

Moyoni nilikuwa na jambo jingine. Nilitaka kurudi. Mwanahawa, mtoto wa dada yangu, ameshanionyesha mahali pa kujenga, kando ya migomba ya marehemu mama. Nilitaka Salma apapende.

Alipapenda. Njiani aliona ndege chozi kwenye maua ya mgomba, akasikia dudumizi, mwita mvua, akatangaza kwamba mvua inakuja, na kweli ikaja, ya rasharasha. Mwanahawa alitangulia, akimtania Rehema kama ilivyo desturi kati ya mtoto wa dada na mtoto wa kaka.

"Mtoto wa mjomba, tembea! Miguu ya ziwani hiyo, imezoea kukanyaga dagaa!"

Rehema akajibu kwamba mlima wenyewe mbishi kama wenyeji wake. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Kisha tukafika kijitoni, na Mwanahawa akageuka.

"Mjomba, wewe pita. Mtani wangu na mtoto wake watusubiri hapa."

Nilidhani bado anatania. "Wakivuka nawatoza kuku," akaongeza, lakini hakucheka. Ng'ambo ya kijito ndiko uliko msitu, na ndani yake makaburi ya ukoo, na huko tunaingia tuliozaliwa na wanawake wa ukoo. Mama yangu ni wa hapo. Mama yake Rehema ni Msukuma. Desturi hii naijua tangu utoto, lakini niliijua kama mtu anavyoujua mlango ambao haujawahi kufungwa mbele yake.

Salma akanishika mkono. "Babu, si ulisema wetu?"

Mwanahawa akachuchumaa, akamfuta matone usoni. "Wako ni wa kutazama, mwanangu. Babu akihamia huku utakuja, utakula ndizi, utalala kwangu. Hata siku akizikwa humo utakuja. Tutakukaribisha mpaka hapa."

Alisema kwa upendo. Ndiyo maana sikuweza kukasirika.

Sikuvuka. Tulisimama kando ya maji na darubini, na baada ya kungoja sana dume akaja, mabawa yakivuma, akatua kwenye mkuyu mkubwa. Ufa ulikuwepo. Ncha ya mdomo ikatokeza, ikapokea tunda. "Namwona!" Salma akanong'ona, akasahau yote.

Mimi sikusahau. Hapo tuliposimama ndipo alipokuwa akisimama baba, kofia mkononi, mama akituvusha sisi watoto. Nilidhani anaogopa mbega. Baba alizikwa kwa ukoo wa mama yake, upande wa pili wa mlima. Kaburi lake sijawahi kulifikia; mimi si wa ukoo huo, na sikuwahi kuomba kupita. Nimelitazama kutoka njiani.

Asubuhi hii Rehema ameniuliza mbona sitoki nje. Nimemwambia ni baridi.

Nyumba ningeijenga, na nikifa ingekuwa ya watoto wa Mwanahawa. Hilo halinisumbui, ni haki yao. Kinachonisumbua ni Salma, siku moja akiwa mtu mzima, amesimama kijitoni akinitafuta kwa darubini.

Mwanza kuna makaburi ya mji, hayana mkuyu wala hondohondo, na yeyote anaingia. Salma ataweza kuning'olea majani kwa mkono wake.

Mchana nitampigia Mwanahawa, nimwambie apande mihogo mahali pale alipotaka nijenge. Sitarudi.