Mkalimani wa Katuni

Jumamosi, 12 Februari 2000

Dunia haikuisha mwezi uliopita, wala kompyuta hazikulipuka. Bosi aliifunika ile ya ofisini kwa blanketi tangu Krismasi, eti mwaka ukibadilika isije ikatoa cheche. Kompyuta! Mashine isiyofanya kitu usichoiambia. Ndiyo maana naipenda. Binadamu unamwambia moja, anafanya saba.

Habari yenyewe ya leo: Isihaka wa kibanda cha video kapata mikanda ya katuni za Kijapani. Ilikuja Dar ndani ya mzigo wa deki za mtumba. Haina maandishi chini, haina Kiingereza, Kijapani kitupu. Alikuwa anataka kuifuta arekodi taarabu juu yake. Nikamwambia wewe ni mwendawazimu. Nimeangalia mmoja mchana huu, peke yangu, jasho linachuruzika chini ya bati la Same, na nikasahau kula.

Wajapani wanachora upepo! Katuni tulizozoea sisi ni paka kupigwa na sufuria, basi. Hizi mtu ananyamaza, nyasi zinacheza, na wewe unajua ana huzuni. Midomo wameibania — inafunguka na kufunga tu, kama samaki. Jasho lao lote wamelimwaga kwenye macho na mawingu. Ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo.

Isihaka akaniuliza: wewe mtu wa kompyuta, si utaweza kututafsiria? Nikasema naweza. Sijui hata neno moja la Kijapani. Nikasema naweza!

Jumatatu, 14 Februari

Jana nimetafsiri! Kibanda kilijaa mpaka watu wakakaa kwenye madumu. Isihaka kanipa maikrofoni, nami nikawa nabuni huku picha inakwenda. Kijana ana roboti la chuma. Kijiji kiko chini ya mlima. Juu ya mlima anaishi bibi kizee, macho mekundu. Huyo nikamfanya mchawi — katuni bila adui si katuni.

Sauti ikawa shida. Nikampa ya Bibi Honorata, mwenye nyumba wangu. Ilinitoka tu. Kila asubuhi naisikia ukutani, nzito, ya kukwaruza, na lafudhi yake ya Kigoma, na kila maongezi anayamaliza na "haya, tutaonana." Basi bibi wa kwenye mkanda alipoinua mkono wake, nami: "Haya, tutaonaaana!" Kibanda kizima hoi. Wote wanamjua. Anakaanga maandazi pale pale jirani, na moshi wa kuni umemtia macho mekundu tangu enzi.

Kuna mahali anainama kisimani na kata yake. Nikasema anameza maji ya mji mzima. "Leo bomba, kesho visima, keshokutwa mtoto wa seremala!" Seremala kwa sababu Fanueli seremala alikuwa amekaa mbele na binti yake Agatha, nikataka kuwatania. Agatha akajificha nyuma ya baba yake, anacheka na kuchungulia.

Sasa mjini naitwa Mkalimani. Jina langu la Hezroni limekufa!

Nilimwambia Bibi kwamba nimemtia kwenye sinema. Akacheka mpaka akashika mbavu. Eti ningemwambia mapema angejipaka mafuta.

Jumapili, 20 Februari

Nimechora tangazo la video kwenye kompyuta ya ofisi. Kuchora kwa kipanya ni kama kuandika kwa kipande cha sabuni. Umeme ukakatika, kazi yote ikapotea. Nikarudia, ukakatika tena. Kosa langu, sikusevu. Ninawahubiria wateja kila siku — sevu, sevu, sevu — na mimi mwenyewe sisevu.

Lakini limetoka zuri! Bibi kizee, mlima, mdomo wazi. Printa yetu ni nyeusi tu, kwa hiyo macho niliyakoleza kwa peni nyekundu. Kuluthumu, tunayefanya naye kazi, akaangalia weee. Akasema huyu si mama wa maandazi? Nikamwambia ni Mjapani. Akasema, Hezroni, huyu ni mama wa maandazi.

Isihaka ametoa kopi, kabandika stendi na sokoni.

Bomba limekauka tangu katikati ya wiki. Hakuna jipya, hapa ni Same. Mawingu yamekaa juu ya milima, huko wananyeshewa wanalima tangawizi yao, sisi huku chini tunakula vumbi.

Alhamisi, 24 Februari

Foleni ya maji. Mama mmoja akanitania: Mkalimani, huyo bibi yako kameza yote, hata ya kunawa hajatuachia? Tukacheka. Ila wengine hawakucheka. Mwanamke mwingine akauliza taratibu kama ni kweli nililitaja bomba kabla halijakauka. Nikasema mama, bomba letu hukauka kila mwaka. Akasema hakuuliza hilo.

Nimerudi nimekuta tangazo langu limebandikwa kwenye mlango wa Bibi. Yeye kusoma hajui, akaniita nimweleze. Alidhani ni mambo ya uchaguzi. Nikasema ni la video, nikalibandua.

Maandazi yake yamebaki nusu beseni. Na watoto wa jirani wamepita bila shikamoo. Aliwaita mwenyewe, kwa majina. Wakakimbia.

Naona aibu. Nimefuta picha kwenye kompyuta, nikafuta na disketi. Inasaidia nini? Kopi ziko kwenye nguzo zote mpaka barabara kuu.

Jumanne, 29 Februari

Kompyuta inasema leo ni tarehe moja Machi. Haijui kuwa mwaka huu Februari ina siku ishirini na tisa. Bosi kashangilia: si nilisema! Nimerekebisha kwa mkono.

Kisima cha bondeni kimekauka. Watu wanachota kwenye lambo, pamoja na ng'ombe. Nimewaambia wachemshe. Nani ananisikiliza? Kwenye mambo ya uongo ndiyo wananisikiliza.

Agatha wa Fanueli anaumwa. Homa, tumbo.

Mchana nimemwomba Isihaka ufunguo, nikarudia mkanda, pamoja na Kuluthumu. Safari hii nimeangalia kwa makini, sikubuni. Yule bibi hanywi! Anachota, anamimina kwenye mtungi wa yule kijana. Kisha kijana analia amelaza kichwa magotini kwake, naye anampapasa nywele. Kuluthumu akasema huyu ni bibi yake mzaa mama, huoni pua zao? Wamechorwa pua moja. Macho ni mekundu kwa sababu ametoka kulia.

Wajapani hawachori kitu bure. Mimi ndiye niliyekurupuka. Nimemsingizia hata mtu wa kuchorwa.

Ijumaa, 3 Machi

Nimejaribu kurekebisha. Isihaka alikataa kwanza, eti biashara imenoga. Nikamwambia kwamba Bibi atakuja kuumizwa. Akakubali.

Nikashika maikrofoni. Nikampa yule bibi sauti laini, nikasema anawapa watu maji, ni mtu mwema, huyu ni mjukuu wake. Hakuna aliyecheka. Halafu mtu nyuma: ametishwa huyu. Mwingine: atasema nini, si analala kwake, si anakula kwake? Wakatoka mmoja mmoja, bila fujo. Kutoka kwao kimya kumeniogopesha kuliko kama wangenitukana.

Jambo usilolitaka kwenye kompyuta unabonyeza, linarudi lilivyokuwa. Nimezoea vibaya.

Jumatatu, 6 Machi

Agatha amefariki alfajiri. Homa ya matumbo. Daktari kasema ni maji ya lambo, na mjini kuna wagonjwa wengine wengi wa hivyo.

Fanueli kachonga jeneza mwenyewe. Nilisimama mlangoni mwa karakana yake, nikashindwa kumpa pole. Aliniona. Akaendelea kupiga randa.

Msibani Bibi alikuja na sinia la maandazi, kajifunga kanga yake safi. Wanawake wakahama mkeka. Wote. Akabaki peke yake na sinia, akaketi vile vile, akawa anamwimbia marehemu kwa sauti ile ile nzito. Nikamwendea nikaketi naye. Hapo nikasikia kwa vijana waliosimama ukutani: "Leo bomba, kesho visima, keshokutwa mtoto wa seremala." Si maneno tu. Ni mimi kabisa, mpaka pumzi, mpaka pale ninapovuta sauti.

Natamani ningezaliwa bubu.

Jumatano, 8 Machi

Asubuhi mtendaji kaitisha mkutano nje ya ofisi ya kata. Walisema ni wa maji. Dakika chache, maji yakasahaulika.

Nikanyoosha mkono. Niliamua kusema yote, nipasue jipu, basi liishe. Nikasema: ndugu zangu, sijui Kijapani. Sijui hata neno moja. Yote nilibuni, bomba nilibuni, visima nilibuni, seremala nilimtaja kwa utani kwa sababu alikuwa amekaa mbele yangu. Yule bibi kwenye mkanda si mchawi. Na Bibi Honorata hana kosa lolote, kosa ni langu. Fanueli, nisamehe.

Nikadhani wameelewa. Nilihisi mzigo umeshuka, nikataka hata kulia.

Fanueli akasimama. Hakuwa na hasira, hilo ndilo baya. Akaniuliza taratibu, kama anayetaka kujua kweli:

"Hezroni, hujui Kijapani?"

"Sijui, kaka."

"Hukusoma mahali popote kwamba visima vitakauka?"

"Hapana."

"Wala kwamba mwanangu atakufa?"

"Hapana, kaka. Nilibuni."

"Basi hayo maneno," akasema, "nani alikuwa anakutilia mdomoni?"

Mkutano mzima ukavuta pumzi. Nikasema ni mimi, ni akili yangu tu. Mama mmoja akasema mtoto masikini hajijui. Mwingine: na sauti ilikuwa ya nani? Si ya kwake yule bibi? Wakaanza kunionea huruma! Wananishika mabega, eti nihame leo leo, nikaombewe. Kama ningesema nilikisoma Kijapani, ningekuwa mwongo tu. Kwa kusema kweli nimemfunga Bibi kamba mwenyewe.

Mtendaji akasema watu wasijichukulie hatua. Alisema huku anapanga karatasi zake.

Nimekuja mbio nyumbani. Bibi alikuwa anapepeta mchele. Nimemwambia yote, na mwanzo wake, na sauti. Akasikiliza. Akasema tu, mjukuu wangu, mbona sauti yangu siijui? Hebu niigizie. Nikashindwa.

Nikamwambia tuondoke. Amekataa kwanza. Anasema alikuja huku kukata mkonge akiwa binti, shamba limekufa, mume kamzika Makanya, nyumba hii kaijenga kwa mikono yake. Arudi Kigoma kwa nani, hata njia hajui. Mwishowe amekubali Makanya, kwa rafiki yake waliyekuwa naye kambi moja ya mkonge. Basi la saa kumi. Kuluthumu amekwenda stendi kutushikia nafasi. Bibi amefunga kanga mbili na picha ya mumewe, akaacha beseni la maandazi, akarudi akalichukua.

Saa tisa na kitu. Naandika hapa kitandani, begi liko miguuni.

Watu wanapita njia ya nyuma ya nyumba. Nilidhani wanakwenda sokoni.

Hawapiti. Wamesimama.

Wamepiga hodi. Kwa adabu kabisa, kama watu wa harusi. Nimemwambia Bibi usifungue, akasema mtu akipiga hodi hafungiwi mlango, akafungua. Shikamoo haikusikika hata moja.

Namsikia kupitia ukuta. Anaongea nao. Kiswahili kinyoofu kabisa. Fanueli, mwanangu, mimi nimemlilia Agatha kama wewe. Mimi sijala mtoto wa mtu. Njooni ndani, mtazame, hamna kitu humu, kuna begi na maandazi. Hahemi, hapigi kelele, neno baada ya neno, hata mtoto angeelewa.

Sasa mmoja anagonga dirisha langu, ni Fanueli, sauti yake imekauka.

"Mkalimani. Toka nje. Tuambie anasema nini."