Damu Nyepesi ya Watu wa Juu

DeSoto, Texas
Jumapili, Machi 9, 2003

Baba mpendwa,

Leo nimeapa kukueleza yote, hata pale nilipokukosoa mbele ya watu.

Unakumbuka tulivyokuwa tukipanda kutoka bondeni hadi kwetu Iten, juu milimani, nikiwa na miaka saba? Mimi nahema, wewe uko mbele na filimbi yako ya ukocha shingoni, unacheka: "Panda, wewe! Au umekuwa mtu wa bondeni?" Tukifika juu, unanishika kifundo cha mkono, tunahesabu mapigo pamoja. Hapo ndipo uliponiambia, "Sisi watu wa juu tuna damu nzito. Ndiyo maana hatushindwi."

Niliyaamini maneno hayo kuliko kitabu. Na tangu upate visa ya kuja huku, kila tukikupigia simu unayarudia kwa njia nyingine: "Huko kwenu ni tambarare. Damu yangu italala." Mama hucheka, kisha akiweka simu chini huanza kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Basi mwalimu alipotutaka tutengeneze mabango ya maonyesho ya sayansi ya Houston, nilichagua Washerpa, watu wa milima ya Nepali. Mama anafanya kazi na mmoja wao, Anti Pasang, katika nyumba ya kutunzia wazee huko Richardson. Nilichora mshipa mkubwa, nikaujaza rangi nyekundu, na chini nikaandika maneno yako.

Anti Pasang alikuja kuliona bango, na chupa yake ya chai ya siagi na chumvi. Mama alionja, akakunja uso.

"Pasang, hii ni chai au supu?"

"Na yako yenye sukari yote ile, ni chai au peremende?"

Kisha Anti akalitazama bango kwa muda. "Umechora vizuri, Chebet. Lakini nani amekuambia damu yetu ni nzito?"

Kesho yake Mama alinipeleka maktaba ya chuo kikuu. Baba, tulikosea. Mtu wa chini akikaa juu sana, mwili wake huongeza chembe nyekundu, hadi damu inakuwa nzito na moyo unapata taabu kuisukuma. Washerpa wameishi huko vizazi na vizazi, na damu yao haizidi hivyo. Wao hupumua upesi, mishipa yao hupanuka ili damu ipite kwa wingi, na misuli yao haipotezi oksijeni ovyo. Nguvu yao ni damu kupita kwa urahisi.

Nilitaka kuyafuta maneno yako. Mama akakataa. "Usimfiche baba yako. Yakate kwa mstari, uandike ukweli chini yake."

Kule Houston, jaji mmoja aliugusa ule mstari kwa kalamu. "Kosa hili ni la nani?"

"Langu na la baba," nikasema. "Yeye ndiye aliyenifundisha kuhesabu mapigo. Angekuwa hapa, mstari huu angeupiga mwenyewe."

Nilipata nafasi ya tatu, na Mama akautundika utepe wangu wa ushindi kwenye kioo cha gari, ukacheza njia nzima hadi nyumbani.

Tukiwa njiani nilimuuliza Anti Pasang, aliyekuja kunishangilia, kama miaka tisa ya Texas imeuharibu mwili wake. "Umezoea tu," alisema. "Nikirudi kwetu nahema siku mbili tatu, halafu napanda kama mbuzi."

Nyuma ya shule yetu kuna uwanja wa mbio. Jioni mimi hukimbia pale peke yangu, nikimaliza najishika kifundo cha mkono. Kuhesabu na kutazama saa kwa pamoja kunanishinda. Siku zote saa ilikuwa kazi yako.

Wasalimie wanariadha wako wote. Visa yako inaisha Juni. Nijibu kwa barua, Baba, maana kwenye simu utacheka tu: kama si damu, ni nini kinachokuzuia kuja?

Binti yako wa juu, aliye chini,
Chebet