Magauni ya Baba wa Simu

Mshauri mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi basi nirudishie, ila nisaidie maana nimejifunga kwa mikono yangu mwenyewe. Mimi ni fundi cherehani, miaka minane iliyopita nilimwoa mama mwenye binti wa miaka mitatu, sasa ana kumi na mmoja, mdomo hauna breki, tunamwita Kasuku, na ananiita Baba bila mtu kumfundisha, na baba yake mzazi, aliyeachana na mama yake kabla sijawajua na anafanya kazi kwenye ghala la mizigo nje ya nchi, yeye anamwita Baba wa Simu, wala hakuna ugomvi, mwenyewe hupiga kila Jumapili na kila mwaka hutuma gauni la siku ya kuzaliwa.

Sasa kisa kiko kwenye hayo magauni, maana lile la kwanza lilikuja dogo, nikaogopa mtoto asije akadhani kasahaulika, na kwa kuwa mzigo hufikia kibandani kwangu nikalipanua kimyakimya, nikalifunga upya, akalivaa, akapigwa picha, baba yake akafurahi, basi ikawa ndiyo kazi yangu kila mwaka, na la mwaka huu lilikuwa la mtoto wa miaka sita, nikafumua ubavuni, nikaingiza vipande, nikashusha pindo, nikaweka mikono mipya, mwishowe cha kwake kilibaki kola na lebo, na lebo nikairudishia mahali pake.

Juzijuzi mtoto akavunjika mkono shuleni, nikamkimbiza hospitali, nesi akauliza wewe ni nani yake, nikasema baba, akasoma majina ya mtoto, akaona langu halimo, akaniambia tumsubiri mama aje asaini, nikakaa kwenye benchi nimepakata viatu vyake, mshauri, sijawahi kujiona si kitu kama siku ile. Tukaamua nimuasili kisheria, afisa ustawi wa jamii akasema baba mzazi yupo na anajulikana, lazima atoe ridhaa, nikampigia. Akanisikiliza kwa ustaarabu, akasema, "Bwana fundi, nakuheshimu na nakushukuru, lakini kusaini hapana. Mwanangu namjua. Nguo yake naipatia kila mwaka bila hata kuuliza kipimo, we angalia picha. Huyo ni baba aliyepotea?"

Nikajibu, "Kweli kabisa, zinamkaa vizuri." Mke wangu, aliyekuwa akisikiliza pembeni na siri anaijua, akakimbilia jikoni kucheka. Nikisema ukweli nitamvunja moyo, nikinyamaza ridhaa sipati. Nifanyeje?

Fundi Niliyekwama

*

Fundi, ngoja na mimi nicheke, mkeo asicheke peke yake. Umerudishia hadi lebo! Ila kwa lile benchi pole sana, hapo sikucheka.

Sasa kaa nikuseme. Miaka yote hiyo umemtengenezea mwenzio ushahidi, na leo unashangaa anautumia. Ulifanya kwa upendo, sikatai, lakini woga ulikuwemo. Na yeye hana kosa kukataa. Kuasili si kuongeza jina moja kwenye karatasi. Kwa kawaida kisheria yeye anaacha kuwa mzazi na wewe ndiye unakuwa. Angekubali papo hapo, kwenye simu moja, ningemshangaa zaidi.

Mpigie tena, wewe mwenyewe, usimtume mkeo wala wakili. Mwambie magauni yalikuwa madogo na kwa nini uliyapanua. Usiseme ili umshinde, na tafadhali usimtumie picha za mishono. Mwambie simu za Jumapili zitaendelea, na uwe unamaanisha. Muulize afisa wako ridhaa ya mtu aliye nje inasainiwa mbele ya nani, ili usije ukaletewa picha ya karatasi isiyo na kazi. Akikataa tena, usigombane naye. Uliza kama mahakama inaweza kukupa ulezi bila kumfuta yeye, angalau uweze kusaini hospitalini.

Lakini kabla ya simu hiyo kuna jambo. Barua yako nimeisoma mara mbili. Nesi kasema, afisa kasema, Baba wa Simu kasema, mkeo kacheka. Binti wa miaka kumi na mmoja, tena msemaji hivyo, hakuna aliyemuuliza kitu! Mnagombea saini wanaume wawili wazima, na mwenye maisha yake yuko chumba cha pili.

Leo akitoka shule zima cherehani, mkalishe, mweleze yote, na magauni pia. Muulize anataka nini, kisha funga mdomo. Akisema ndiyo, mpigie baba yake, binti akiwa amekaa hapo pembeni yako. Akisema hapana, fomu ya kuasili iweke kabatini, na kesho asubuhi umpeleke shule kama kawaida.