Ini Langu na Chupa ya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Ini langu mpendwa, hujambo? Umeamkaje huko ndani? Mimi sijambo kidogo, namshukuru Mungu. Nakuandikia humu, maana sina pengine pa kukupata.

Leo daktari kanieleza habari zako. Kumbe kolesteroli, haya mafuta ya kwenye damu, nyingi unaitengeneza wewe mwenyewe! Nami miaka yote nalaumu mayai. Anasema kidonge alichoniandikia kinakwenda kukalia kiti cha fundi wako mmoja. Fundi akikosa pa kukaa, kazi inapungua. Nawe ukipungukiwa unafungua milango zaidi, unaivuta ile iliyojaa kwenye damu. Nimekuonea huruma — mimi mshonaji, nikikuta mtu kakalia kiti cha cherehani yangu, patachimbika! Nisamehe. Lakini dada yangu alianguka jikoni, mishipa ya moyo imeziba, hakuamka tena. Naogopa.

Vidonge atanitunzia mama mkwe. Mimi nikianza kushona najisahau.

Alhamisi, 21 Machi

Kila jioni nauliza, mama, dawa yangu? Anajibu, umeshapata, mwanangu. Mbona sikumbuki kumeza? Akili yangu inazeeka kuliko magoti!

Viazi vya kukaanga sasa ni kila siku. Mama anasema tule tu, hakuna cha kuogopa tena. Vina uchungu kwa mbali.

Jumatano, 17 Aprili

Mungu wangu! Nimeingia jikoni kuchota maji, namkuta mama mkwe anatwanga vidonge vyangu. Unga wote kwenye chupa ya mafuta ya kupikia, akatikisa. Yeye akanicheka: dawa ya mafuta uiweke wapi kama si kwenye mafuta? Uyafukuze hadi tumboni ya nini, na yako hapa chupani? Tena hivi nyumba nzima inapona.

Mume wangu, mdomo umejaa viazi, anasema kweli, kajisikia mwepesi!

Sikuweza kumkaripia. Huyu ndiye aliyeniogesha na kunilisha nilipojifungua, mara zote tatu. Nikamweleza habari za fundi na kiti. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema huyo daktari hajawahi kupika.

Alhamisi, 18 Aprili

Kliniki, benchi la nje. Vipimo vimepanda kuliko mwanzo. Daktari anataka kuniandikia dozi mara mbili — na ya kwanza sijaimeza! Nikaomba nitoke nje kidogo. Nikisema, namwaibisha mama. Nikinyamaza, namdanganya daktari, na Mungu anaona. Na dada yangu je?

Mama kanisindikiza. Sasa hivi kaniambia kaa hapo, kaingia mwenyewe na kikapu chake. Mlango haukufungwa vizuri.

"Daktari, mwanangu, dawa yako dhaifu. Nimetia kopo zima, bado."

Chupa ya mafuta imetua mezani.

"Basi onja mwenyewe!"

Nesi ananiita, niingie haraka. Ini langu, fundi wako bado kakalia kiti chake, hana habari. Nikamtetee nani humo ndani — mama, daktari, au wewe?

Tafadhali nijibu upesi.