Timu Yenu Ilistahili Kwenda Kisumu

Mpwa wangu Nyakundi,

Barua nilizokutumia huko Kericho hukuzijibu, na sikulaumu. Hii nimeipeleka gazetini ili hata wewe usipotaka kuigusa, mtu aisome kwa sauti karibu nawe mkingoja kupimiwa majani ya chai. Wajua mjomba wako hajawahi kuogopa kusikika. Nilirudi kutoka vitani Burma na Kiswahili cha jeshi juu ya elimu ya darasa la tatu, na mdomo. Mdomo huo ndio uliokuponza.

Nakukumbuka ukiwa mdogo pale Gesima, ukipiga mpira wa maganda ya migomba kwa mguu wa kushoto mpaka nafaka ya wimbi ya mama yako iliyoanikwa ikamwagika uani. Alipokufokea nikamwambia, "Kemunto dada yangu, mwache mtoto. Huo mguu nimempa mimi." Nikalisema hilo kila mahali. Sokoni Keumbu nilikusifu kama mtu anayeuza fahali, nawe ukinivuta koti: "Mjomba, twende. Imetosha!"

Walio karibu nawe wakisikia haya, nao waelewe jinsi timu za shule zilivyopangwa wakati ule. Kushinda, alama mbili. Sare, moja. Kushindwa, hupati kitu. Lakini shule zilikuwa nyingi na mvua ikikata barabara, kwa hiyo hakuna timu iliyocheza na zote. Wengine walikusanya alama kwa kuwafunga watoto wa shule ndogo ndogo, na ninyi mlipangiwa wakubwa msimu mzima. Ndiyo maana mwishoni kamati ilikaa kupima: huyu alicheza na nani, na kama alishindwa, alishindwaje? Na kwa kuwa wanakamati hawakuona kila mechi, kila mechi kubwa ilikuwa na shahidi wa kuja kueleza. Timu mbili za juu zilipanda lori kwenda Kisumu, na huko Kisumu mkuu wa chuo cha ualimu alikuwa akija kuchagua vijana. Kwa mtoto wa mjane, hakukuwa na mlango mwingine.

Mechi yenu na timu ya mjini, ile mliyofungwa bao moja Nyansiongo kwenye malisho ya Mzungu, shahidi wake nilikuwa mimi.

Kamati ilikaa nyuma ya duka la Bwana Kanji, aliyekuwa akitoa kikombe cha mashindano na lori. Wewe na wenzako mlisimama dirishani. Mwenyekiti, mwalimu wa misheni, akaniuliza, "Haya mzee, Gesima walichezaje?"

Ningesema nilichokiona, ningekaa chini. Lakini mlango ulikuwa umejaa watu, na mimi nikiona watu sijiwezi. Nikapanda juu ya gunia la chumvi. Nikasema shuti lako lilivunja mwamba wa goli, mpira ukaruka hadi zizini, ng'ombe wa Mzungu akaanguka chali, na Mzungu mwenyewe akavua kofia.

"Ng'ombe alikufa?" akauliza Bwana Kanji.

"Alizimia tu, Bwana. Walimmwagia maji."

Watu wakacheka hadi machozi. Mwalimu naye alicheka, kisha akaacha. "Huo mwamba, mzee, juzi nimeuona. Ni mzima."

"Wameutengeneza."

"Nani?"

"Mafundi."

"Nimekuuliza habari ya mchezo. Sasa nishike lipi?"

Nikaapa. Nadhani kule kuapa ndiko kulikomaliza kazi. Akaifuta habari yangu yote, ya uongo pamoja na ya kweli, na kushindwa kwenu kukahesabiwa kama kushindwa kwa mtu yeyote tu. Mkawekwa wa tatu.

Njiani uliniambia neno moja: "Mjomba, mbona hukusema tu kwamba mvua ilinyesha?"

Siku hizi nikimwona mwalimu kijana aliyetoka chuoni akipita kwa baiskeli, nageukia ua wa watu kama ninayetafuta kuku. Mama yako hanisemi. Ananipa chakula, anakaa upande wa pili. Afadhali angenitukana. Watu bado wananiomba niwasimulie habari za ng'ombe, nami nikianza nasikia sauti yako ya siku ile njiani, nainuka naenda zangu.

Basi ushahidi wangu ni huu. Mvua ilianza kabla ya mapumziko. Bao lao lilipatikana kwa sababu mpira uliteleza mikononi mwa kipa wenu. Beki wenu aliumia goti akatoka, mkabaki kumi. Wewe ukaacha kushambulia, ukarudi kulinda bila kuambiwa na mtu, na hamkufungwa tena. Ulipiga shuti mara mbili. La kwanza lilidakwa. La pili lilipita kando, na si karibu sana. Hakuna kilichovunjika. Mechi ilipokwisha, nahodha wa mjini alivuka uwanja akaja kukushika mkono, na hakumshika mwingine.

Hayo yangetosha. Mwalimu yule alikuwa mtu wa haki, angeyapima.

Ukitaka kubaki huko, baki. Shamba la mama yako nalilima mimi, wala simwambii mtu nalilima vipi. Lakini kamati sasa ina watu wengine, na mimi sina tena pa kulisema hili ila hapa, mbele ya wote wanaosoma: mlikuwa wa pili, Nyakundi. Mlikuwa wa pili.

Ni mimi mjomba wako,
ndugu wa mama yako