Askari Hana Kura

Jumatatu, 4 Machi 1974

Kurasa sita leo. Historia ya jeshi la Mjerumani, kutoka kitabu cha Kiingereza kwenda Kiswahili cha kambini. Mimi nasoma kwa sauti, Nakku anapiga chapa. Meja anataka somo lisomwe gwarideni Jumatano. Chai bila sukari tena.

Sikujua Mjerumani alikuwa hivi. Ofisa wa jeshi alipewa heshima kuliko mwalimu, kuliko padri. Raia alimpisha njiani. Na askari akiwa jeshini alinyimwa haki ya kuchagua wabunge. Nimeandika: "Askari hana kura. Kura ni ya raia." Sentensi safi. Najipongeza mwenyewe, maana katika kambi hii hakuna mwingine wa kumpongeza mwalimu wa Kiswahili kutoka Kenya.

Jumanne, 5 Machi

Ukurasa wa kiapo. Wanajeshi wote walisimamishwa mstarini, wakaapa kumtii mtu mmoja. Si nchi. Si katiba. Mtu, kwa jina lake. Baadaye walipoamriwa kuua, wengi walijitetea kwamba walikuwa wameshaapa.

Nilikwenda kufunga dirisha. Hakukuwa na upepo.

Nakku alimaliza saa saba. Nikatia sahihi chini, "Imesahihishwa", bila kusoma. Njaa tu.

Jumatano, 6 Machi

Wamemchukua Nakku. Siamini.

Sajini ni mtu wa kaskazini, husoma kila herufi kama ilivyoandikwa. Akasoma mbele ya gwaride zima: "Askari hana kula. Kula ni ya raia." Nakku ni Muganda. Kwake r na l ni sauti moja, na mimi nilikuwa namsomea kwa mdomo. Posho ya askari imechelewa wiki mbili. Kwanza walicheka. Kisha mmoja akapaza sauti kwamba kumbe hata Mjerumani alinyimwa chakula. Kisha wote.

Saa nne watu wa Meja wakamvuta Nakku kutoka mezani. Kiatu chake kimoja kilibaki chini ya kiti. Uchochezi, wanasema. Nilisimama kama gogo. Mimi, mwenye sahihi.

Alhamisi, 7 Machi

Sijala. Mama yake Nakku, muuza samaki wa Ggaba, alikuja langoni. "Ssebo, bwana, mtoto yangu amekosa nini?" Sikuweza kumwambia kwamba ni herufi moja, na kwamba mkaguzi wa herufi ni mimi. Nikamwambia arudi nyumbani.

Mimi ni mwoga. Naandika hapa kwa sababu hakuna pengine pa kuyaandika.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekwenda kwa Meja na kitabu mkononi. Nikaeleza. Nakku hana kosa, afande, neno lenyewe ni kura, si kula. Nilidhani atacheka. Nilishajiandaa kucheka naye.

Akaweka kalamu chini. "Kula, hiyo ni njaa. Njaa mimi naelewa. Lakini kura? Nani natuma wewe kuleta kura hapa?"

Tangu mapinduzi ya jeshi hakuna anayelitaja neno hilo, na mimi nimelipeleka jeshini likiwa limechapwa. Sikuliona! Mwalimu mzima, niliona sarufi tu. Kosa la Nakku ndilo lililokuwa limenificha.

Akauliza ni neno la nani. Nikasema ni langu. Sijui sauti ilitoka wapi.

Nakku ataachiwa kesho. Mimi niripoti Jumatatu saa mbili. Nikitoroka, anarudishwa yeye. Nilipofika mlangoni akaniita. "Ile ya kiapo ilikuwa mzuri. Hiyo tutaweka."

Jumamosi, 9 Machi

Ametoka. Miguu imevimba, hatazami watu. Mama yake alinishika mikono yote miwili akanishukuru. Mimi! Nilitamani ardhi inimeze.

Nikawaambia wasilale Ggaba. Waondoke leo hii, wala wasiniambie waendako. Nakku aliuliza jambo moja tu, neno lilikuwa lipi. Nikamtamkia yote mawili polepole. Akatikisa kichwa.

"Mwalimu, mimi nasikia moja tu."

Jumapili, 10 Machi

Treni ya mizigo ilipita nyuma ya nyumba asubuhi, ikielekea kwetu Kenya. Mtaa wote wa Namuwongo ulitikisika, kisha kimya.

Mwanamke anayeniuzia ndizi ana dada Ggaba. Anasema mlango wa mama Nakku una kufuli. Kwa hiyo wamekwenda. Ningeweza kwenda na mimi. Lakini wakinikosa watamtafuta yeye, na wanahitaji siku chache wafike mbali.

Nimemwandikia mke wangu kule Voi. Kwamba sijambo, watoto wasikose shule, bati la jikoni litengenezwe kabla ya masika. Barua nimempa jirani aiposti. Nimepiga pasi shati jeupe. Ni saa tisa mchana, mvua inanyesha kidogo. Nimechemsha ndizi, na leo nimeweza kula.