Mgongo wa Mwalimu Natalina

Gurei, Juba
Jumamosi asubuhi

Kwa dada yangu Magdaline,

Sasa hivi Trevor amevaa viatu mwenyewe, cha kulia mguu wa kushoto, akabeba mkoba wake, akasimama mlangoni ananiambia twende kwa Mwalimu Natalina. Nimemwambia leo ni Jumamosi, hakuna shule. Amekaa chini hapo hapo na mkoba mgongoni, uji amekataa. Ndiyo maana nakusalimia na moyo mzito, dada. Habari ya Kitale? Mama na mguu wake wanaendeleaje? Sisi mwili ni mzima, shemeji yako Dancan bado anapika kwa ile hoteli, Mungu anatulinda.

Nilikuambia kwa simu vile Trevor alisumbua alipoanza nasari. Pale getini alikuwa ananishika sketi mpaka vifungo vinatoka. Nikawa namtoroka akiangalia bembea, na kesho yake analia mara mbili. Huyu Natalina, msichana wa hapa hapa lakini amekulia Uganda, akaniambia nisimtoroke tena. Nimuage vizuri, nimwambie nitarudi akimaliza chakula, halafu niende bila kugeuka. Akaniomba pia ile leso ninayombebea ikae shuleni, mtoto akikumbuka nyumbani awe na kitu chenye harufu yangu.

Nikampa. Dada, sikujua nimempa nini. Siku moja nilienda kumchukua nikamkuta amefungwa mgongoni kwa mwalimu, na leso yangu, amelala mdomo wazi. Alipoamka akaniona, akaficha uso kwa shingo ya Natalina. Mwalimu akacheka, akasema malesh Mama Trevor, nisamehe, huyu sasa ni wangu. Alikuwa anatania, najua. Lakini nilirudi nyumbani kama mtu aliyepigwa kofi katikati ya soko. Jirani yangu Adhieu naye akaongeza, eti nimpelekee mwalimu na nguo za mtoto, ya nini nichoke kufua.

Tangu hapo Trevor akawa anaingia getini mbio, hata mkono hanipungii. Nyumbani ni Natalina anakata ndizi hivi, Natalina anaimba hivi. Nikimwogesha ananiambia ninakosea. Mimi, dada! Mimi niliyemzaa kwa kisu, nikakaa wiki mbili siwezi kuinuka!

Jumatatu iliyopita leso haikuwepo shuleni. Mwalimu alipoitafuta nikamwambia niliichukua Ijumaa kuifua, ikaibiwa kwenye kamba. Trevor akalia siku hiyo, akalia Jumanne, akalia Jumatano. Natalina alijaribu kumbeba na kitenge chake mwenyewe, mtoto akamkataa kwa mateke. Alhamisi alilia mpaka akatapika, mwalimu mkuu akasema nimpumzishe nyumbani. Dancan alipomwona macho yamevimba akasema basi huyo mwalimu anampiga, na akapiga simu shuleni kwa hasira. Natalina bado yuko kwa majaribio, miezi miwili hajamaliza. Leo saa nne mwalimu mkuu ametuita sote, na kama mambo yataenda vile Dancan anasema, atafukuzwa. Dancan anataka niseme mimi, kwa sababu yeye huwa kazini, mimi ndiye ninayempeleka mtoto.

Dada, wewe ndiye ulinifundisha kumfunga mtoto mgongoni asiteleze, kwa hiyo wewe ndiye nakuambia kwanza. Leso haikuibiwa. Iko kwa sanduku, chini ya nguo zangu za kanisa. Niliificha mwenyewe. Na hizo siku alipokuwa ananililia getini, amening'ang'ania kama zamani, Mungu anisamehe, nilisikia raha. Nilikuwa natembea polepole makusudi, nimsikie mpaka kwenye kona. Sikufikiri itafika kwa kazi ya mtu. Nilitaka tu anililie kidogo.

Nisalimie Mama, umwambie nitampigia kesho baada ya ibada. Nisalimie na watoto wako mmoja mmoja, hata huyo mkorofi wako Gerishon. Dancan ananiita, boda imefika, anasema nifanye haraka tusiwacheleweshe. Naogopa macho yake kuliko ya mwalimu mkuu. Ananiita tena. Lakini dada, nikifika nitasema mbele yao wote kwamba Natalina hajamgusa mtoto vibaya hata siku moja, kwamba mwenye makosa ni